Baiskeli Isiyo na Keria

Mtaa mzima wa Ngokolo ulishajua kwamba Noela anajifunza baiskeli, maana alijifunzia barabarani, mchana kweupe, kwa baiskeli ya kuazima, na kila alipoanguka watoto walipiga makofi. Mama Ghati, jirani ambaye habari haipiti mlangoni kwake bila kukaribishwa chai, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mke wa Edson huyo! Mume kabeba abiria miaka tisa mjini hapa, mke ndio kwanza anatafuta breki!"

Na ilikuwa kweli. Nusu ya Shinyanga ilishakaa nyuma ya Edson, juu ya keria yenye godoro dogo alilolivika kitenge. Kisha habari za dhahabu zikamchukua, akaenda Mwakitolyo kupasua mawe mashimoni. Alirudi baada ya miaka sita na vumbi la mawe kifuani. Siku hizi kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika mara mbili, na kila Alhamisi walikodi bajaji kwenda hospitali Kolandoto.

Noela alikuwa mpishi wa shule moja ng'ambo ya mbuga. Alitembea saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, na mvua ikinyesha ule udongo mweusi ulimvua viatu. Kikoba chao cha akiba kilipogawana fedha, akaamua: baiskeli moja, impeleke kazini, na Alhamisi imbebe mume wake.

"Umebeba watu wee, sasa utabebwa na mimi," alimwambia.

Edson alicheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Kasoro ya Noela ilikuwa moja. Hakuweza kutazama nyuma. Akigeuza shingo tu, usukani unafuata, na yeye huyo chini. Edson, kwenye kigoda chake mlangoni, alikuwa akimpigia kelele: "Macho mbele, Mama Abel! Nyuma umeacha nini?"

Jumamosi Masudi alikuja kumchukua Edson wakachague baiskeli. Zamani walibeba abiria pamoja, sasa Masudi alikuwa fundi na muuzaji wa baiskeli karibu na soko. Alimpakia rafiki yake kwenye keria, Noela akafuata kwa miguu.

Dukani jicho la Noela liliangukia nyekundu inayong'aa, mpya, yenye springi mbele na nyuma.

"Ina gia ishirini na moja!" alisema.

"Utatumia tatu," alijibu Edson kutoka kwenye benchi. "Zilizobaki ni za kuharibika. Na hiyo springi ya nyuma, kwa bei hiyo, ni urembo. Kila ukikanyaga pedeli, nusu ya nguvu inaliwa na springi."

"Shemeji, huyu hajawahi kuniachia mteja," alisema Masudi. "Ndiyo maana simkaribishi."

Noela akaiacha, akaenda kwa ile nyeusi ya chuma, yenye keria pana kama kiti cha kanisani. Akaigonga kwa kiganja. "Basi hii. Hii inabeba mgonjwa."

"Inyanyue," alisema Edson.

Akainyanyua, ikapanda kidogo, ikamrudia mguuni.

"Na mtu juu yake?" aliuliza Edson.

"Mtu gani? Una uzito gani wewe, umebaki mifupa!"

Alilisema kwa utani, likatoka vibaya. Masudi akainama kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Edson hakukasirika. Alinyoosha kidole kwenye baiskeli ya kijani, ya mtumba, rangi imechubuka, matairi manene yenye meno. "Ile. Simama juu yake. Miguu yote inagusa chini? Haya. Zungusha gurudumu, tazama kama linayumba. Bana breki zote mbili, isukume. Inakataa? Hiyo ndiyo yako. Haitakwama kwenye tope la mbugani."

"Haina keria."

"Haina."

"Masudi ataweka."

Masudi akatikisa kichwa. "Fremu haina matundu, shemeji. Ni alumini, nikiitoboa itapasuka."

"Basi siitaki!" Noela alishuka. "Tumekuja kununua ya kukubeba wewe, unanichagulia ya kukuacha nyumbani? Alhamisi utakwenda na nini?"

Edson alivuta pumzi, akasubiri ya pili.

"Alhamisi siendi tena, Mama Abel. Daktari kasema nisihangaike na safari. Amenipa dawa za maumivu, nizinywee nyumbani."

"Kasema lini?"

"Juzi. Wewe ulikuwa dirishani kwenye foleni ya dawa."

Noela alikumbuka safari ile ya kurudi. Edson alimchekesha dereva wa bajaji tangu Kolandoto hadi mlangoni.

"Nataka nikuone unaipanda," alisema Edson. "Nikiwa bado nipo wa kukuzomea."

Noela aliushika usukani wa ile ya kijani. Hakubishana bei, yeye ambaye hubishania hata fungu la mchicha.

"Laki na sitini," alisema Masudi.

"Mwanzo ulisema laki na themanini," alisema Noela.

"Nilikosea."

Walirudi hivyo: Noela mbele, Masudi nyuma na Edson kwenye keria.

"Punguza gia!" alipiga kelele Edson kwenye kimlima. "Ya kushoto! Kushoto, wewe mwanamke! Wabeja, hongera!"

Wapita njia walicheka. Mama Ghati, aliyekuwa akitoka sokoni na kapu kichwani, alipiga kigelegele. Kisha Noela alisikia kikohozi, kirefu, kisha kingine. Shingo ilitaka kugeuka. Akaibana. Akatazama tairi, barabara, tairi. Kikohozi kikabaki mbali, halafu hakikusikika.

Alipofika mlangoni kwake alibana breki zote mbili, akashuka, miguu yote chini. Ndipo akageuka.

Walikuwa mbali. Masudi alishashuka, anaisukuma baiskeli polepole. Edson alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye siti, na mkono mmoja ameuinua, anampungia kama kumwambia: macho mbele, endelea.