Kadi za Homa ya Maziwa

Landrova ya Daktari Gakii ilikuwa imeshaipa Isiolo mgongo, inapanda kuelekea Meru, wakati Warfa alipogeuka nyuma na kuona vumbi la lori. Lilikuwa lori la ng'ombe la Garbatulla, na alijua linamfuata nani, kwa kuwa ni yeye aliyepeleka habari kwamba sanduku linaondoka leo.

Sanduku lenyewe lilikuwa katikati ya miguu yake. Ndani mlikuwa na kadi mia mbili na kumi, kila kadi na mgonjwa wake wa homa ya maziwa, ile inayomkamata mfugaji anayekunywa maziwa mabichi, ikamlaza, ikamwacha, ikamrudia. Kwa miaka miwili, tangu mwaka wa themanini na moja, Daktari Gakii alikuwa akijaribu dawa mbili, ya zamani na mpya. Vidonge vyake vilifanana, hata aliyevimeza hakujua kameza ipi. Orodha ya nani kapewa nini ilikaa kwenye mkoba wa daktari, na mkoba hautoki begani. Warfa alikuwa karani na mkalimani wake. Dada yake, Isnino, alikuwa mmoja wa wagonjwa hao. Alipona, akanenepa, halafu mwezi uliopita homa ikamrudia kwa fujo. Mahamud, tabibu wa huko Garbatulla, hakutaka kumpa tena dawa ileile iliyoshindwa. Lakini ni ipi?

"Lomuria, lori linatupigia honi," Warfa akasema.

"Nasikia, mzee. Hata Marsabit wanasikia." Dereva hakupunguza mwendo, ila alimtupia daktari jicho.

"Simama," Gakii akasema. "Pengine wana mgonjwa."

Mgonjwa alikuwepo kweli. Isnino alishuka amejifunika blanketi juani, anatetemeka na anacheka.

"Salaam aleikum, karani mkubwa! Unakimbia na habari zangu kwenye sanduku, hata kwaheri hakuna?"

"Aleikum salaam. Isnino, tulia."

"Nitulie? Kwani homa imetulia?"

Mahamud, kijana mrefu mwenye koti jeupe lililogeuka rangi ya udongo, alisalimia kwa adabu zote kabla ya kuingia kwenye jambo lake. "Daktari, nina watu ishirini na watatu homa imewarudia. Wote walimeza vidonge vyako. Naomba kadi zao, mmoja mmoja, na dawa ya kila mmoja."

"Utasoma kwenye jarida, tabibu, nikishachapisha."

"Lini?"

"Mwaka ujao. Au ule mwingine."

"Isnino, utangoja?" Mahamud akauliza.

"Nitangoja. Nikifa njooni mnisomee kaburini."

Lomuria akaangua kicheko, kisha akajifanya anakagua tairi.

Gakii alikuwa na sababu mbili, na alizisema bila kuzunguka. Kwanza, aliwahi kumwazima mwenzake hesabu zake za kifaduro, mwenzake akaziandika kwa jina lake mwenyewe. Pili, siri ya mgonjwa. "Majina yote nimeyakata kwa mkasi, mimi mwenyewe. Zimebaki nambari. Hata nikikupa hutajua nani ni nani." Akafungua sanduku, akachomoa kadi moja ya kuonyesha.

Mahamud akaitazama. Midomo ikaanza kumcheza. "Huyu ni wa nyumba ya Jama Ahmednur. Mke mdogo."

"Umejuaje?"

Akagusa pembe ya kadi, palipochorwa mkuki uliopinda na vitone viwili.

"Huo si mchoro tu wa karani?"

"Ni chapa ya ngamia wao, Daktari, na umri ulioandikwa ni wa mke mdogo. Hata mtoto wa miaka mitano anaijua."

Warfa alitamani ardhi immeze na kofia yake. "Kulikuwa na Habsa kumi na mmoja," akasema. "Habsa Jama peke yao wanne. Ningewatenganishaje? Ngamia hatuwapotezi kwa sababu ya chapa, nikaona hata watu hawatapotea."

Kwa miaka miwili Gakii alidhani michoro ile ni mkono usiotulia wa mtu anayesubiri chai. Akakaa juu ya bampa. Kadi zote zilikuwa na chapa.

Mahamud alikuwa ameshachutama juu ya sanduku. "Na hizi mbili ni mtu mmoja. Umri mmoja, chapa moja."

Isnino akachungulia. "Habsa huyo! Alijiandikisha Isiolo, akaja tena Garbatulla. Si mlikuwa mnagawa sukari nusu kilo kwa kila kadi?"

"Na huyu umeandika amepona," Mahamud akaendelea, sauti imeshuka. "Yuko kitandani kwangu tangu Jumapili. Na huyu. Na huyu pia."

Hakuna aliyecheka tena. Warfa aliona mkono wa daktari ukikaza mshipi wa mkoba. Nusu ya ukweli ilikuwa begani mwake, na nusu nyingine imelala kwenye vitanda vya Mahamud. Akichapisha nusu yake, atachapisha uongo.

"Mama," Gakii akamwambia Isnino, "nimwonyeshe tabibu ya kwako?"

"Kwani kuna aibu gani? Nionyeshe hata mimi."

Warfa akaichomoa kadi yake kwa kuitambua chapa, Gakii akafungua orodha, kidole kikashuka taratibu. "Dawa mpya," akasema, kama mtu aliyemeza mfupa. Wakaendelea na wale wengine waliomwambia Mahamud kabla hajaondoka Garbatulla kwamba wanakubali. Kati ya ishirini na watatu, kumi na wanane walikuwa wa dawa mpya. Dawa aliyotaka kuisifu.

Gakii akaifunga orodha. Kisha: "Lomuria, geuza gari."

"Twende wapi, Daktari?"

"Tukanywe chai Isiolo. Tabibu, kwenye jarida jina langu la kwanza, lako la pili. Na wewe Warfa, kila nakala itakayotoka, chapa utazifunika kwa wino mwenyewe, mpaka vidole viwe vyeusi."

"Vimeshakuwa," Warfa akasema.

Isnino alipewa dawa ya zamani, wiki nane, akapona. Aliendelea kuuza maziwa, sasa yaliyochemshwa. Matokeo yalichapishwa mwaka wa themanini na tano kwa majina mawili, na kila aliyeomba nakala ya kadi alipewa. Dawa mpya haikununuliwa. Mahamud alihamishiwa Sericho, akaoa huko. Gakii alirudi Nairobi kufundisha. Lomuria aliacha udereva, akafungua kibanda cha kuziba pancha. Habsa mwenye kadi mbili hakuugua tena. Warfa alipata ukarani Moyale, akakaa mwaka mmoja, akaondoka.