Zamu ya Kupika Uji

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kuni zililowa. Laisoni alipiga magoti mbele ya mafiga ya shule, akapuliza, akakohoa, akapuliza tena. Ndoo nane za maji alikwisha kuzileta kutoka kwenye pampu, moja moja, begani, maana kubeba kichwani hakuwahi kujifunza. Sufuria zote tatu alikuwa amezisugua kwa mchanga mpaka ukoko wa jana ukatoka. Alijua hakuna mama wa zamu aliyewahi kuzisugua hivyo, na alitaka wenzake walione hilo kabla hawajaona kitu kingine.

Kwenye nguzo ya banda palitundikwa orodha ya Jumatatu. Majina yalikuwa matatu: mama Nambewe, mama Fatsani, mama Ekari. Mama Ekari, mkewe, alikuwa na miezi minane kaburini. Mwanzoni dada yake alimshikia zamu, lakini Januari kaka yao mkubwa, Jailosi, alimkataza, na zamu moja ikapita bila mtu. Hii ilikuwa ya pili. Laisoni alikuja mwenyewe, kwa kuwa zamu ilikuwa ya nyumba yake na mtoto aliyekunywa uji alikuwa wake.

Akina mama walifika kulipoanza kupambazuka.

"Jamani!" Mama Fatsani alishika kiuno. "Shule imeajiri mpishi?"

"Mmeamkaje?" Laisoni alisema.

"Sisi tumeamka vizuri. Wewe ndiye wa kuulizwa. Mwiko huo mbona unaushika kama jembe, shemeji?"

Alicheka, na Laisoni naye akacheka. Moyoni alijipongeza: mtu anayekutania hajakufukuza bado.

Mama Nambewe hakucheka. Yeye alikuwa msimamizi wa jiko, na ufunguo wa stoo ya unga aliuvaa shingoni. "Weka mwiko chini, Baba Ekari."

"Ni zamu yetu, mama. Orodha hiyo hapo."

"Orodha inasema mama."

"Mama hayupo."

"Najua hayupo. Nimemwosha mimi kwa mikono hii." Akamtazama kichwani. "Hizo nywele zako hujaziona?"

Laisoni alishika nywele zake bila kutaka. Zilikuwa za miezi minane. Mfiwa hunyolewa na ukoo wa marehemu, siku wanayoitaka wao, na mpaka siku hiyo kifo bado kiko juu yake. Mkono wake hautii unga wala maji katika chakula cha watu. Akitia, watoto watavimba miguu, watakohoa, na huo ulikuwa mwezi wa pili, mwezi ambao watoto wa kijiji cha Mpindo hukohoa kila mwaka, apike nani asipike nani.

"Maji nimeshatia," alisema.

Nambewe alishika sufuria ya kwanza kwa masikio yake, akaiinamisha, maji yakamwagika yakatiririka hadi kwenye miguu ya Laisoni. Kisha ya pili. Kisha ya tatu.

"Na kuni zake?" Mama Fatsani aliuliza polepole.

"Kuni ziache. Kuni hazina msiba."

Saa moja mwalimu wa zamu alipita na daftari lake, akawahesabu wapishi, akatia alama ya mkasi kwenye mstari wa tatu. Moto ulikuwa unawaka vizuri.

Karatasi ya shule ililetwa Ijumaa. Ekari aliisomea mlangoni, amesimama wima kama alivyofundishwa. Alikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, na alikuwa anasoma bila kufuata maneno kwa kidole. Laisoni alipenda kumsikiliza hata akisoma maandishi ya mfuko wa mbolea.

"Kwa wazazi na walezi wote. Tunawashukuru kwa ushirikiano wenu. Choo cha wasichana kimekamilika, bado milango. Mtoto aje amenawa uso, na aje na kikombe chake. Kila familia itatoa mama mmoja wa kupika uji zamu yake inapofika. Familia iliyokosa zamu mbili, mtoto wake atakaa pembeni wenzake wanapokunywa, mpaka familia itakapojirekebisha. Shule ni yetu sote."

Alikunja karatasi. "Baba, pembeni ni wapi?"

"Ni hapo hapo tu. Karibu."

Mahindi shambani yalikuwa yanatoa mbelewele na ghala lilikuwa tupu tangu Krismasi. Laisoni alikuwa akipalilia mashamba ya watu kwa kibarua, na jioni walikula ugali mmoja, wawili tu, wakitazamana juu ya mboga ya majani ya maboga. Uji wa shule ndio uliomfikisha mtoto jioni. Bila uji, alikuwa anamlaza mtoto na njaa na kumwamsha na njaa nyingine.

Jumatano alipita shuleni akaona pembeni ni wapi. Ni nyuma ya mlingoti wa bendera. Ekari alikaa hapo na watoto wengine watatu, migongo ikielekea jikoni. Walikuwa wameambiwa wageuke ili wasiwatazame wenzao midomoni.

Aliingia ofisini bila kujipangusa matope. Mwalimu Mkuu Kasalika hakuwa mtu mbaya. Aliinuka, akampa kiti, akamuulizia afya.

"Mwalimu, mtoto wangu hali."

"Kanuni hiyo tuliipitisha wote, Baba Ekari, kwenye kikao cha wazazi. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

"Niliinua mkono," Laisoni alijibu. Mkewe alikuwa hai siku hiyo, amekaa ubavuni kwake, na waliinua mikono pamoja kwa sababu walichoshwa na familia zinazotega kazi.

"Unaona."

"Lakini nilikuja kupika. Nikafukuzwa."

"Nimesikia. Mimi mtu wa serikali, bwana, mambo ya nywele siyaingilii. Nikimlazimisha Nambewe, kesho wapishi wote hawaji, watoto mia nne wanakosa uji kwa ajili ya mmoja. Wewe ungekuwa kiti hiki ungefanyaje?"

Laisoni alifikiri kweli.

"Basi nipe kazi nyingine. Milango ya choo nitatengeneza. Nitaleta kuni mpaka mwaka uishe."

"Ningependa. Ila fomu ya wafadhili ina safu ya mama mpishi tu. Milango nitaiandika wapi?" Kasalika alimwonyesha fomu, kwa upole, kama vile tatizo limewapata wote wawili. "Tafuta mwanamke wa familia."

"Wote ni dada zake Jailosi. Amewakataza."

"Ah! Basi nenda kwa Jailosi." Uso wa mwalimu ulichangamka. Shauri lilikuwa limeondoka mezani kwake.

Jailosi alikuwa kwenye banda lake la tumbaku akifunga majani mabichi kwenye vijiti. Yeye ndiye kaka mkubwa wa marehemu, na katika ukoo ule watoto wa dada ni wake kabla hawajawa wa mtu mwingine. Mkewe Falesi alikuwa akimpitishia majani, kichanga mgongoni.

"Shemeji, nimekuja kuomba mninyoe," Laisoni alisema.

"Kumbe ulikuwa unataka? Sisi tulikuwa tunakuhurumia." Jailosi hakuacha kufunga. "Mtu akinyolewa anakunja mkeka wake anarudi kwao. Hilo unalijua?"

"Nalijua. Lakini nyumba nimeijenga mimi. Matofali nimefyatua mimi."

"Kwa udongo wa nani?"

Miaka kumi na moja Laisoni alikuwa amekaa ukweni, na kila alipotaka kusema "changu" neno lilimgomea.

"Sawa. Nyumba ibaki. Nitaondoka na Ekari."

Jailosi sasa aliweka kijiti chini. Hakukasirika. Alikaa kama mtu anayemweleza mtoto hesabu. "Kwenu Mzimba, huko kaskazini, mtoto ni wa nani?"

"Wa baba."

"Baba yupi? Yeyote tu?"

"Aliyetoa ng'ombe."

"Ulitoa?"

"Huku hamtaki ng'ombe, shemeji."

"Hatutaki. Kwenu wanataka. Kwa hiyo mtoto huyo si wako huku, na si wako huko. Usinitazame hivyo, sikutunga mimi."

Falesi aliinamisha uso, akampandisha mtoto mgongoni.

"Nyolewa Jumamosi," Jailosi aliendelea. "Jumatatu Falesi anashika zamu, nitaongea na Nambewe mwenyewe. Mtoto anakunywa uji siku hiyo hiyo. Mimi sitaki afe njaa, ni damu yangu. Wewe ndiye unayemlaza njaa."

Laisoni alikataa. Alikataa siku tisa. Alikwenda kufanya kibarua mbali zaidi, akarudi na viazi viwili vitamu, akamfungia Ekari kimoja aende nacho shuleni. Alisema ameshakula njiani. Ekari naye alijifunza kusema hivyo hivyo: kwamba leo hana njaa, kwamba mwenzake amemgawia. Walidanganyana kwa adabu, baba na binti, katika nyumba ambayo hakuna jirani aliyekuja kubisha hodi, maana wakwe walikuwa wamewaambia watu wamwache aone mwenyewe. Usiku alimsikiliza mtoto akipumua na alitamani kumwamsha, si kwa jambo lolote, ili tu kuwe na mtu wa kuzungumza naye.

Siku ya kumi wasichana wawili walimleta Ekari nyumbani wamemshika mikono. Alikuwa ameanguka mstarini wakati wa wimbo wa taifa.

"Sikuanguka, baba," alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka, nyeupe. "Nilikaa tu."

Jioni hiyo Laisoni alimwendea Jailosi akamwambia ndiyo.

Walimnyoa Jumamosi, uani kwake mwenyewe. Shangazi mkubwa wa ukoo alishika wembe, pombe ilipikwa, jogoo alichinjwa, watu wakala wakashiba. Kijiji kizima kilimjia siku hiyo. Waliokuwa wakimkwepa kisimani walimpa mkono. Mama Nambewe alimpangusa maji shingoni kwa upande wa kitenge chake, akamwambia, "Umefanya vizuri, mwanangu. Umefanya kiume." Ekari naye alinyolewa. Kichwa chake kilionekana kidogo mno.

Jumapili Jailosi alitia kufuli kwenye mlango wa nyumba ya Laisoni.

"Unakwenda wapi?" Ekari alimuuliza baba yake.

"Kwetu. Nikapate shamba, halafu nije."

"Kesho kutwa?"

"Siyo kesho kutwa."

"Basi lini?"

Falesi alimwita mtoto kwa sauti kutoka upande wa pili wa uwanja, na Ekari akaenda, kwa sababu alikuwa mtoto anayesikia akiitwa. Laisoni alishukuru kuitwa kule, na akajichukia kwa kushukuru.

Lori la kaskazini lilipita njia panda Jumapili mchana. Hakulipanda. Alilala kwenye baraza la duka lililofungwa, mkeka wake ukiwa mto, na Jumatatu alfajiri alikuwa amesimama kwenye ua wa shule, mahali penye mwanya. Alitaka kumwona akinywa. Akimwona na kikombe mdomoni, ataondoka. Alijiwekea hilo na aliliamini.

Moshi ulikuwa umejaa bandani. Alimtambua Mama Nambewe kwa ufunguo, na Mama Fatsani kwa kicheko. Wa tatu hakuwa Falesi.

Wa tatu alikuwa amesimama juu ya matofali mawili yaliyopangwa, ameshika mwiko mrefu kumpita kwa mikono yote miwili. Kitenge cha mtu mzima kilikuwa kimemzunguka mara tatu na bado kiliburuta. Mgongoni kichanga cha Jailosi kilikuwa kimelala, na kila Ekari alipovuta mwiko kichwa cha kichanga kililegea huku na huku.

"Falesi yuko wapi?" Mama Fatsani aliuliza.

"Yuko kwenye tumbaku. Amemtuma mwanawe," Nambewe alisema. "Koroga mpaka chini, mama, usiunguze. Vivyo hivyo. Mnaona? Ni mtoto wa kike, anajua."

Kutoka darasa la tatu zilisikika sauti za watoto wakirudia jedwali la saba. Midomo ya Ekari ilikuwa inacheza. Labda alikuwa anahesabu nao, labda moshi.

Mwalimu wa zamu alikuja na daftari. Alikuwa mgeni, kijana, shati jeupe, pengine wiki yake ya kwanza. Aliwahesabu. "Watatu?"

"Watatu," Nambewe alijibu.

Akatia alama ya vema. Mwalimu Mkuu, aliyesimama kwenye mlango wa ofisi, aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Kengele ikagongwa. Watoto walimiminika na vikombe vyao, wakapanga mstari, na hakuna aliyekaa nyuma ya mlingoti asubuhi hiyo. Ekari alipewa kata. Alianza kuwapimia wenzake, mmoja, wa pili, wa thelathini, uso umegeuzwa kukwepa mvuke, na sufuria ikawa inapungua, na yeye hakuwa na kikombe.

Laisoni hakujua kwamba alikuwa ameingia uwanjani. Mwalimu kijana ndiye aliyemzuia, kwa heshima, akitazama mkeka kwapani na kichwa kilichonyolewa.

"Samahani, mzee. Saa za masomo hatupokei watu wa nje. Una mtoto katika shule hii?"

Laisoni alifungua mdomo. Nyuma ya mwalimu, mstari wa uji ulisogea hatua moja.