Vichanja Vitupu vya Katonga

Uliiona. Usijifanye hukuiona. Wiki mbili kabla ya Krismasi, umejilaza kwenye kochi lako au umesimama kwenye foleni ya benki, video ya mikono ya mwanamke anayegeuza dagaa juani ilipita kwenye simu yako. Ukapenda sauti yake, ukabonyeza kale kamoyo kekundu, kidole kikasonga mbele. Hukujiuliza kwa nini mikono ile haikuwa na kichwa.

Kichwa kilikuwepo. Kilikatwa.

Kilikuwa kichwa cha Mwanakombo wa Ujiji, mama wa miaka hamsini na mbili, anayeanika dagaa kwenye vichanja vya waya pale mwaloni Katonga, mitumbwi inapopakulia samaki. Video aliipiga mwenyewe mwezi wa kumi na moja, simu kaiegemeza kwenye ndoo, akaeleza namna dagaa wa kichanjani wanavyokauka bila kugusa mchanga. Akaiweka kwenye stetasi na kwenye ukurasa wake mdogo, maana Desemba ndiyo mwezi wake. Anayekwenda kwao kwa sikukuu hataki kufika mikono mitupu, na aliye mbali anataka mfuko wake utumwe kwa basi. Ukurasa mmoja wa mjini, usio na jina la mtu wala la mtaa, ukaichukua. Ukakata kuanzia shingoni kwenda juu, ukaacha mikono na sauti, ukabandika namba nyingine ya simu.

Alijua kwa kutukanwa. Mwalimu Oswald wa Njombe, mteja wake wa miaka minne, alimtumia ujumbe wa sauti.

"Dada Mwanakombo, wewe ni wa kunilisha mchanga mimi? Mama mkwe wangu kautema mezani, mbele ya wageni."

Mwanakombo akamweleza kwamba mzigo ule haukutoka kwake, na namba aliyoagizia si yake. Mwalimu akaandika kwamba sauti ya kwenye tangazo ni yake, mikono ni yake, hata lile kovu la kuungua na taa ya karabai kwenye kifundo cha mkono wa kushoto ni lake. Sasa yeye amwamini nani? Kabla ya wiki kuisha, wateja wengine wawili wakawa wameandika hivyo hivyo. Hapo ndipo alipoacha kula vizuri. Mchanga wa watu wengine ulikuwa unaingia kwenye jina lake, na jina ndilo pekee alilokuwa nalo la kuuza kabla dagaa hawajafika sokoni.

Wala halikuwa jambo geni. Marehemu mama yake alikuwa akishona uzi mwekundu kwenye mdomo wa kila gunia, ili mnunuzi wa huko bara ajue mzigo umetoka kwa nani. Siku moja Mwanakombo, msichana wa miaka kumi na miwili, alikwenda naye stesheni ya Kigoma, akamwona tajiri wa magunia akiukata uzi ule kwa mkasi, gunia baada ya gunia, na kushona wake wa buluu. Mama yake alisimama pale pale, akitazama. Treni ikaondoka. Miaka arobaini imepita, reli imekarabatiwa mara ngapi, mawaziri wamekuja mara ngapi na hotuba zao, na mkasi ni ule ule. Umehamia kwenye simu tu.

Jumatatu ya tarehe kumi na sita asubuhi, ukurasa ule ukatoa tangazo jipya. Mikono ile ile, maneno mapya: mzigo wa Krismasi umeingia, dagaa halisi wa Katonga, wamevuliwa usiku wa Jumamosi, wahi kabla hawajaisha.

Mwanakombo akalisoma mara mbili. Kisha akacheka, kicheko chake cha kwanza kwa siku nyingi, hadi Fébronie akainua kichwa. Fébronie ndiye mwenzake wa vichanja. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi, yeye akaolewa hapa hapa, na kwa miaka tisa wanawake hawa wawili wameitana kwa majina ya watoto wao.

"Mama Armelle, njoo usome. Wamevua Jumamosi."

Fébronie akasoma, akashika mdomo. "Mana yanje, Mungu wangu. Na ule mwezi?"

Maana kila mtu wa ziwani anajua. Dagaa hufuata taa gizani. Mwezi ukipevuka, ziwa zima linakuwa taa, dagaa wanatawanyika, na mitumbwi inavutwa nchi kavu wiki nzima kungoja giza lirudi. Jumamosi ile mwezi ulikuwa umebakiza siku moja tu kupevuka. Hapakuwa na mtu aliyevua dagaa Katonga, hata wa kulambisha paka.

Mwanakombo akajifunga kanga upya, akampa Fébronie simu, akamwambia aingie laivu. Fébronie akauliza wanatangaza nini wakati hawana hata kilo moja. Hicho hicho, akajibiwa, tunatangaza kwamba hatuna.

Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu kando ya mitumbwi yao wakaanza kuwachokoza. Bonaventura, mwenye mitumbwi mitatu na ulimi wa kutosha mitumbwi kumi, akasema kwa sauti ya kusikika, "Bi Matangazo, leo unauza nini, upepo?"

Mwanakombo alisimama mbele ya simu, uso wake wote ukionekana, akajitaja jina na kwao. Akainua mkono wa kushoto, akaonyesha kovu. Akapita mbele ya vichanja, vyote vitupu, waya ukimeta juani na ziwa la buluu likionekana kwa chini yake. Akasema wiki hii hauzi kitu, na mtu asimtumie oda. Kisha akageuka.

"Bonaventura, Jumamosi uliingia ziwani?"

"Niingie kufanya nini, na mwezi wote ule? Nikaogelee?"

"Waambie hawa watu."

Bonaventura akatazama simu, akavua kofia bila kujua anavua, akasema ni kweli, mitumbwi iko juu tangu Alhamisi. Watazamaji walikuwa wanane.

Halafu wakawa sitini. Mtu wa Ilagala akaandika kwamba hata kwao taa za kuvulia zimetundikwa nyumbani. Mtu wa Kalemie, ng'ambo, Kongo, akaandika huku pia, hakuna aliyeingia. Kutoka Rumonge, Burundi, ukaja ujumbe wa Kirundi, Fébronie akausoma kwa sauti, akautafsiri: na sisi tumekaa, mwezi ni mkubwa. Mmoja wa Mpulungu, Zambia, akaandika Kiswahili cha kuungaunga, na bado kilieleweka. Wavuvi wakaacha nyavu, wakasogea. Hakuna aliyetania tena. Mwanakombo alikuwa ameishi kando ya ziwa hili maisha yake yote na hakuwahi kuliona lote kwa mara moja. Sasa alikuwa analiona: pwani baada ya pwani, nchi nne, maelfu ya mitumbwi imelazwa mchangani chini ya mwezi mmoja, na watu wasiojuana wakisema neno moja. Akakaa kwenye ukingo wa kichanja. Watazamaji walipita elfu tatu. Mtu aliyeko Maskati aliandika kwamba amelia kwa kuona vile vichanja vitupu, kwa sababu marehemu bibi yake alikuwa akimwambia habari za siku za mbalamwezi na yeye alidhani ni hadithi.

Katikati ya hayo yote likapita jina la Mwalimu Oswald. Aliandika maneno machache: "Dada, nisamehe. Nitangoja giza."

Giza likarudi. Jumamosi ya tarehe ishirini na moja, jua likichomoza, mitumbwi ya Bonaventura ikaingia imedidimia kwa uzito hadi karibu na ukingo, na dagaa walipomwagwa kwenye vichanja walipiga mng'ao hadi Mwanakombo akafumba macho. Mvua ikatishia saa sita. Wavuvi wenyewe, bila kuitwa, wakashika ncha za maturubai. Haikunyesha. Jumapili mifuko ikapanda basi, kila mmoja umefungwa uzi mwekundu mdomoni, na watu wakangoja wa kwao.

Lakini ukurasa ule bado upo. Umefuta neno Jumamosi tu. Mikono bado inageuza dagaa bila kichwa, na kamoyo kako kangali chini yake, kanahesabiwa, kanamshawishi anayefuata.

Basi toa simu. Usiseme jioni, usiseme baada ya sikukuu. Rudi kwenye ile video, ondoa moyo wako, andika pale pale ambapo kila mtu atasoma: mikono hii ni ya Mwanakombo wa Ujiji, na Jumamosi ile mwezi ulikuwa mkubwa. Ukimaliza, muulize kila anayekuuzia cha sikukuu, nani kakianika na uso wake uko wapi. Andika sasa.