Maji Makali ya Kahawa

Jua lilikuwa utosini, na tilapia wa Igoki walikuwa wamejaa juu ya bwawa, midomo wazi, wakihema.

"Mchana kama huu hawafai kukosa hewa," alisema binti yake Kathambi, anayefundisha baiolojia mjini Nkubu. Alichovya karatasi ya litmasi. Ile ya buluu ikageuka nyekundu.

"Asidi, Mama. Inatoka wapi?"

Igoki alitazama juu ya kilima, kwenye mashine ya kumenya kahawa ya shemeji yake Gedion. Mtaro wa kuleta maji bwawani ulinuka maganda yaliyochacha.

"Usiende," alisema. "Tangu babako afariki, ndiye anayetusimamia."

"Samaki hawatatungoja." Kathambi alipanda mbio.

Huko juu mashine ilinguruma. "Baba mdogo, zima! Maji ya maganda yanaingia bwawani!"

"Mvua itayapunguza," Gedion alijibu bila kugeuka.

"Bwawa ni la kijani kwa sababu ya mwani. Ndani ya mwani kuna kloroplasti, ndizo zinazotumia jua kutengeneza hewa wanayovuta samaki. Asidi ikipenya mle, kazi inasimama. Jua linawaka bure! Na uchafu ukioza unamaliza hewa iliyobaki."

"Unanifundisha kama mtoto?"

"Njoo ujionee. Ukiona nadanganya, washa tena."

Gedion aliizima. Kimya kile kilimtisha Kathambi kuliko ngurumo.

Walimkuta Igoki ndani ya maji hadi kiunoni, akiyapiga kwa karai ili yapate hewa. Samaki waliokufa walielea kando yake. Gedion alivua viatu, akaziba mtaro kwa udongo, akaleta chokaa ya shamba.

"Nimwage yote?"

"Hapana! Maji yakibadilika ghafla tutawaua sisi wenyewe."

Wakanyunyiza kidogo, wakapima, wakangoja, wakanyunyiza tena. Samaki walizidi kufa. Igoki alianza kuomba kwa Kimeru, sauti ikimkatika.

Alasiri, karatasi ya buluu ilibaki buluu. Baadaye vipovu vidogo vikaanza kupanda kutoka kwenye nyuzi za mwani. Samaki mmoja akaogelea kurudi chini. Wengine wakamfuata.

Karibu nusu walikuwa wamekufa. Gedion aliwazika mwenyewe, kisha akaanza kuchimba shimo la maganda mbali na mtaro. Igoki alimpelekea uji.

"Shemeji, kunywa."

Akaupokea kwa mikono miwili, bila kumtazama usoni.