Uyoga wa Lickey

Léocadie alikuwa amepiga magoti kwenye majani makavu kabla hajajua vizuri ameona nini. Pua ndiyo iliyotangulia kumwambia, macho yakafuata. Chini ya mwaloni mnene, katikati ya majani yenye rangi ya kutu, uyoga ulikuwa umesimama kimya, kofia zake pana, mweupe wenye ukijani wa mbali sana. Kwao haukuwa na ukijani. Lakini huku jua ni la kubahatisha, kila kitu hubadilika rangi, hata watu.

Akachimba kwa vidole viwili, taratibu, asije akaukata mguu wa uyoga. Chini kabisa, ndani ya udongo, vidole vikagusa kifuko chembamba. Akatazama shingoni: ukosi upo, umening'inia kama kitambaa kilicholowa. 

"Njo wenyewe," alisema peke yake, ndio hasa ule wa kwao. "Njo wenyewe kabisa."

Walikuwa wameahidiwa mlima na chakula cha wenyeji. Séverin, shemasi wa kanisa lao dogo la Nechells, Birmingham, mtu wa kuahidi kuliko kutimiza, alikuwa amekodi basi dogo Jumamosi ile ya Oktoba na kuwapitisha Longbridge, mbele ya kiwanda cha magari kilichofungwa mwaka uliotangulia, hadi kwenye vilima vya Lickey. Mlima wenyewe! Kwao, milimani juu ya mji wa Moba, kilima cha namna ile mtu hukipanda kwenda kuazima chumvi na akarudi kabla maji hayajachemka. Na chakula cha wenyeji kilikuwa soseji baridi ndani ya unga uliookwa, pamoja na chai ya vikombe vya karatasi. Watu walitafuna huku wakitazamana. Séverin alikula tatu mfululizo ili kuonyesha kwamba ni tamu, kisha akatafuta maji.

Léocadie hakula. Tangu Alhamisi chakula hakikumpita vizuri. Alhamisi alikwenda shuleni kwa bintiye, Précieuse, kuonana na mwalimu. Précieuse alikuwa na miaka kumi. Alifika Birmingham akiwa mgongoni, hajui kutembea vizuri, na sasa yeye ndiye aliyesoma barua zote za nyumba, akazungumza na watu wa baraza la mji na watu wa gesi. Mwalimu alizungumza kwa muda mrefu, uso umekunjamana. Alipomaliza, Précieuse alimfupishia kwa Kiingereza chepesi, kile ambacho mama aliweza kukishika: "Anasema niko sawa." Maneno matatu. Léocadie alijua kabisa kwamba yale hayakuwa maneno matatu, lakini angemuuliza nani? Njiani, kwenye kituo cha basi, mtoto akamwambia kwa Kiingereza, bila hasira wala haya, kwamba mara nyingine si lazima aje. Anaweza kubaki nyumbani tu. Hilo lilimkaa Léocadie kooni siku mbili nzima, halimezeki, halitemeki.

Ndiyo maana aliposikia nyayo nyuma yake na kuviona viatu vya bintiye, alijitahidi asigeuke haraka.

"Unafanya nini hapo?" Précieuse aliuliza kwa Kiingereza chake cha Birmingham. Hilo halikuwa geni. Mtoto alijibu na kuuliza kwa Kiingereza daima. Kiswahili alikisikia tu.

"Minachuma chakula. Kile cha Séverin kimekushinda, eti? Hiki njo chakula cha mulima."

"Unajuaje kama unaliwa?"

Léocadie akamvuta karibu. "Angalia chini: iko na kifuko. Angalia kwa shingo: iko na kola. Mama yangu alitufunzaka ivi: usiokuwa na kifuko na kola, uache. Wenye vyote viwili, beba. Mi niliukulaka tangu niko mudogo kuliko weye."

Précieuse alichuchumaa. Akachimba kwa vidole viwili, taratibu, ulimi umetoka nje kidogo kwa kujibidiisha, akautoa uyoga mzima na kifuko chake. Akautazama, kisha akamtazama mama yake. Jicho lile la kumstahi Léocadie hakuwa ameliona kwa muda mrefu. Mtoto akasimama, akawapigia kelele wenzake waliokuwa wakirushiana majani: njooni muone, mamangu anajua uyoga!

Mamangu anajua. Léocadie aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta, maana machozi yalikuwa yamefika.

Wakachuma hadi kitenge chake kikajaa. Wakiwa wanarudi kwenye basi, Zilpah akawaona. Zilpah alikuwa Mkenya, mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya barabara, na alifanya kazi ya usafi katika hospitali moja ya mjini. Akakifunua kitenge kwa kidole kimoja.

"Mama Précieuse, hii utapika?"

"Nitapika."

"Wacha mchezo. Mimi nafagia wodi, unajua. Mwaka jana kulikuwa na mama mmoja, mtu wa mbali kama sisi, alikula uyoga ya msitu. Siku ya kwanza akatapika. Ya pili ako sawa, anacheka na sisi, hata akaniomba chai. Ya tatu ini ikakataa kazi." Zilpah akashusha sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Walimfunika Ijumaa. Mimi ndiyo nilipiga deki hapo."

Watoto walikuwa wamewazunguka. Précieuse alikuwa amesimama mbele yao wote, ameshika uyoga wake, anasubiri. Léocadie akacheka kwa nguvu.

"Weye ni mutu wa Nairobi. Uyoga unauonaka mu sanduku, umefunikwa na plastiki. Utanifunza mie?"

Watu wakacheka, Séverin kuliko wote. Zilpah akainua mabega, akapanda basi. 

Njia nzima Léocadie hakutulia. Kitenge kilikuwa mapajani, chepesi, na harufu ya udongo ilipanda kila basi lilipokata kona. Alisogea mbele, akaegemea nyuma, akafungua dirisha, akalifunga. Précieuse alikuwa amelala begani mwake, kitu kingine ambacho hakijatokea siku nyingi, na kwa sababu hiyo Léocadie hakuthubutu kujitikisa sana. Lakini maneno ya Zilpah yalikuwa yamekwama kichwani. Si ile siku ya tatu. Ni ile ya pili. Ya pili ako sawa.

Maana kwao kulikuwa na utaratibu. Aliyechuma ndiye aliyeonja. Mama yake alikuwa akipika uyoga wa kwanza wa mvua jioni, anakula peke yake mbele ya wanawe, kisha anaketi kizingitini. Watoto wangelala na njaa, harufu ikiwatesa, wakimchungulia mgongo. Kukicha, akiwakaripia kama kawaida, basi uyoga ni mzuri, sufuria inarudi jikoni. Usiku mmoja ulitosha. Haikuwahi kumjia Léocadie, miaka yote ile, kujiuliza mama yake aliwaza nini pale kizingitini. Alichokumbuka ni njaa tu.

Sasa alikuwa akijiuliza. Na usiku mmoja ulikuwa hautoshi.

Walipofika nyumbani aliweka kitenge mezani, akafua soksi ambazo hazikuwa na haraka yoyote. Akapanga vyombo upya. Akaufungua mlango wa nyuma, akaangalia ukuta wa ghala la jirani, akaufunga. Précieuse alikuja jikoni bila kuitwa na bila kuwasha televisheni, akavuta kiti, akakaa mkao wa kula. Akauliza kama anaweza kusaidia kuuosha.

Angesemaje hapana? Mtoto ambaye mihogo aliisukuma pembeni, sombe, mboga ya majani yake, akaizibia pua, leo anaomba kusaidia. Wakaosha pamoja. Wakauchana kwa mikono, maana kisu huuharibu, na Précieuse akaambiwa hilo pia na akaliweka akilini kama mwanafunzi mwema. Vitunguu vikaingia kwenye mawese, uyoga ukafuata, nyumba ikajaa harufu ambayo ilimrudisha Léocadie juu ya Moba kwa nguvu hata akashika ukingo wa jiko. Haukuwa tofauti. Hata kidogo. Hilo lilimpa moyo, akapika bugali, akapakua.

"Leo nakula mie," alisema. "Weye kesho asubuhi. Njo desturi yetu."

"Kwa nini? Si unaujua?"

"Minaujua."

"Sasa kwa nini unapima?"

 Léocadie akamega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachota uyoga, akatia mdomoni. Ulikuwa mtamu. Mtamu ajabu, laini, wenye mafuta. Akameza huku bintiye akimtazama koo.

Précieuse aliteremka kitini akatoka. Léocadie alidhani amenuna. Lakini alirudi na simu, akaiweka kando ya sahani, na karatasi na kalamu ya wino. Akakaa, akaandika tarehe. Akatazama saa ya ukutani, akaandika saa.

"Unafanya nini?"

"Ukiumwa, mimi ndiye nitakayepiga simu," mtoto alisema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuongea na watu wa gesi. "Wataniuliza umekula nini. Unaitwaje huu uyoga?"

Léocadie akataja jina la kwao, kwa lugha ya mama yake.

"Hapana. Wao wanauitaje?"

Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi.  Léocadie akaitazama ile mikono midogo, kucha bado zina udongo wa Lickey, na ndipo akaona kitu ambacho alipaswa kukiona mapema. Mama yake alipoketi kizingitini, nyuma yake kulikuwa na bibi, shangazi wawili, mke mwenzake na mji mzima wa watu waliojua majina ya watoto wale. Mmoja angeanguka, wengine wangeokota. Yeye nyuma yake ana nani? Ana mtoto wa miaka kumi mwenye kalamu.

Hofu ikampata, hofu ya kweli.

"Sijui," alisema.

"Hujui wanauitaje?"

"Sijui kama ni wenyewe." Alijisikia akilisema na akashangaa kwamba nyumba haikuanguka. "Ule wa kwetu minaujua. Huu wa huku nimeuona leo. Uko sawa na ule, lakini sijui, Précieuse. Mama hajui."

Alisubiri lile jicho lizimike. Précieuse aliweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuzungumza vizuri, akasema kwa Kiswahili, kizito, cha kutafuta neno: "Lakini umekula."

"Tonge moja."

"Umekula, Mama."

Léocadie akasukuma sahani mbali. Akamshika mtoto mikono yote miwili, akampeleka kwenye bomba, akaiosha kwa sabuni, kila kidole, chini ya kila kucha, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Hukulamba? Hukuonja hata kidogo? Niambie kweli, sitapiga." Mtoto alitikisa kichwa huku akilia. Uyoga mbichi uliosalia, mzima na kifuko chake, Léocadie aliufunga kwenye gazeti akauweka kando, maana watu wa hospitali watataka kuuona.

Précieuse alikuwa ameshainyakua simu. Kidole kiko juu ya tarakimu.

"Lete," alisema Léocadie.

"Huwezi. Watasema haraka haraka. Hutaelewa."

"Lete, mwanangu."

Alibonyeza mwenyewe tisa mara tatu, namba ya dharura. Sauti ya mwanamke ikatoka, kweli ya haraka, na mwanzoni Léocadie hakushika neno hata moja. Joto likampanda usoni kama pale mbele ya mwalimu. Précieuse akanyoosha mkono kuichukua simu. Léocadie akautwaa mkono huo, akaubana kwapani mwake ukakaa hapo.

"Sema polepole," alimwambia yule mwanamke kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Kiingereza changu ni kidogo. Nimekula uyoga wa msituni."

Akaulizwa jina la uyoga. Akasema halijui. Akaulizwa ukoje. Akasema mweupe, chini, mfuko, hakujua mfuko wa namna ile unaitwaje, akasema mfuko tu. Akaulizwa amekula saa ngapi, na hapo Précieuse akamsogezea karatasi, naye akaisoma. Akaulizwa kama anaumwa. Akasema hapana. Akaulizwa nyumba, mtaa. Akavitaja, na vilipokosewa akavitaja tena, bila haya, kwa sauti kubwa.

Kisha akaulizwa kama yuko na mtu mwingine pale nyumbani.

"Ndiyo," alisema Léocadie. "Binti yangu. Yeye hajala."

Mwanamke wa upande wa pili alikuwa akiandika.  Léocadie hakuwa na hakika kama amesikika. Akavuta pumzi, akalirudia neno kwa neno, kwa uangalifu wote aliokuwa nao: "Yeye hajala."