Pepo Ndiye Aliyempiga

Sally alikuwa kwa mama yake huko Ndanai, mkono wake wa kuchumia chai ukiwa bado kwenye plasta, mumewe Kipkosgei alipokuja kumrudisha. Mila inataka mume aje na wazee wa ukoo wake, aketi, aseme kwa kinywa chake mwenyewe alichokosa. Huyu wake alikuja na pasta, jenereta na kipaza sauti, kana kwamba wakwe zake ni viziwi.

“Bwana huwafungua waliofungwa!” pasta alinguruma, ndama wakakata kamba. “Ndugu yetu alifungwa na pepo wa hasira wa babu yake. Jumapili tulimtoa. Sasa familia irejeshwe!”

“Amina,” Kipkosgei akaitikia, mpole kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. “Mama, si mimi niliyempiga. Ni yule pepo.”

Mama mkwe akachungulia langoni, kama anayesubiri mgeni mwingine. Hakuona mtu.

“Basi rudini mkamlete huyo pepo,” alisema Sally. “Aliyenivunja mkono ndiye anayetakiwa kuketi hapo aombe msamaha. Wewe Kipkosgei, kama hukunikosea, umefuata nini hapa?”