Kinoo cha Chemba

Mwaka ambao reli ilivuka Dodoma kwenda magharibi, kinyozi Bartolomayo alitandika gunia mbele ya kibanda chake karibu na stesheni, akapanga vinoo vitatu. Wembe wake wa kukunja ulikuwa umekufa makali na ukanda wa ngozi haukuufaa tena. Ulitaka kunolewa upya tangu mwanzo, pande zote mbili zikutane sawasawa, na kazi hiyo hutegemea jiwe.

Kinoo cha kwanza kilitoka dukani kwa Mhindi. Kilikuwa laini mno, kiling'arisha tu. Cha pili kilitoka mtoni Kondoa, nacho kilikwaruza chuma. Cha tatu, cha kijivu, alikuwa ameletewa na mfugaji wa Chemba. Alikigonga kwa msumari akasikia mlio mkavu, usio wa jiwe lenye ufa. Alikimwagia maji, yakakaa juu. Akapaka masizi kwenye makali ya wembe, akaulaza, mgongo na makali vikigusa jiwe pamoja, akausukuma mara kumi. Masizi yalitoka sawa kutoka ncha hadi shina. Akachagua hicho.

Siku hizo hakuna aliyethubutu kumpa mwenzake kisogo. Akida alikuwa akikusanya vijana wa kazi ya reli, na kila aliyejificha alipatikana. Yotham, mdogo wake Bartolomayo, alijificha siku tisa huko Mkonze. Askari walimwendea moja kwa moja, bila kuuliza njia, na baada ya miezi miwili habari ikaja kwamba amekufa kwa homa kambini. Bartolomayo alimshuku Bushiri, muuza kahawa, kwa sababu Bushiri alikaa na kila mtu na hakusahau alichosikia.

Bushiri ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyolewa kwa wembe ule. Nywele zilipoanguka, kichwani yalionekana maandishi madogo meusi, kwa herufi zile alizojifunza Bartolomayo misheni.

"Kuna maandishi," Bartolomayo alisema.

"Yanasemaje?"

"Mbuzi wa Nikodemo wako nyuma ya kilima."

Bushiri alifikiri kidogo. "Nilimwambia akida hivyo, kabla ya mfungo. Punguza hapo sikioni, fundi."

Bartolomayo alikizunguka kichwa chote akitafuta jina la Yotham. Halikuwapo.

Kesho yake alikuja Nikodemo mwenyewe. Bartolomayo alimnyoa upande mmoja kwa wembe wa pili, ulionolewa kwa jiwe la Kondoa, na ngozi ikatoka tupu. Upande wa pili alitumia ule wa Chemba. Hapo paliandikwa: Khamisi anaficha bunduki.

"Usisome kwa sauti," Nikodemo alisema, ingawa Bartolomayo alikuwa hajafungua mdomo.

Mwezi ule alinyoa vichwa arobaini na viwili. Vitupu vilikuwa vitatu, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vya wageni. Watu walijua, lakini waliendelea kuja kwa kuwa wembe haukuumiza. Waliosoma misheni walianza kutembea polepole nyuma ya wenzao. Dukani kwa Mhindi kofia zikaisha.

Jina la Yotham halikutokea.

Matanga ya Yotham yalipokwisha, mama yao, Zipora, alikuja kunyolewa nywele za msiba. Alikaa kwenye kigoda, akafungua kaniki kichwani. Bartolomayo alishika wembe wa Kondoa.

"Huo unaumiza," Zipora alisema. "Chukua ule mwingine."

"Huu unatosha, mama."

"Chukua ule mwingine, mwanangu."

Aliuchukua. Alianzia utosini. Maandishi yalikuwa ya mstari mmoja: Yotham yuko Mkonze, pango la juu. Mkono wake ulisimama.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Walitaka mmoja katika nyumba, wakaniambia nichague. Wewe una watoto." Aliinamisha shingo. "Malizia na nyuma."

Bartolomayo alimaliza na nyuma. Alimfuta kwa maji ya vuguvugu, akampaka samli, akamfunga kaniki yeye mwenyewe, vizuri, kama wanavyofungwa watoto wakati wa baridi. Zipora akaenda zake nyumbani kupika.

Kabla ya mvua za kwanza, akida aliita tena watu, mmoja mmoja kutoka kila mtaa. Reli ilikuwa bado ndefu. Bartolomayo aliitwa siku ya Jumanne asubuhi. Aliingia, akaulizwa, akatoka baada ya muda mfupi tu, na mchana alikuwa kibandani akinyoa kama kawaida. Alhamisi askari walimchukua mtoto wa kwanza wa Bushiri kisimani.

Jumamosi Bushiri alikuja na birika lake, akammiminia fundi kahawa, akakaa akimtazama.

"Nywele zako zimekuwa nyingi, fundi," alisema. "Nikunyoe?"

"Ziache," Bartolomayo alisema.

Aliziacha mpaka zikamfunika masikio.